Wiki ya Tano

Miezi minne nilihesabu boriti.
Ziko ishirini na tatu; ya tisa
imebanduka plasta pale inapoingia ukutani.
Mimi, Lali, fundi wa chokaa, Mkomani,
ambaye kuta zake hung'aa kama yai lililomenywa
katika nyumba za watu,
nililala chini ya dari ya babu yangu
na kugeuka ubavu ilikuwa safari.

Haikuwa huzuni. Huzuni naijua:
nilimzika baba, nikalia, nikala pilau ya hitima,
nikacheka mtu alipojikwaa kwenye sinia.
Hii haikulia. Hii ilikaa tu
kama chumvi iliyoingia kisimani:
ndoo ni ile ile, kamba ni ile ile,
ukionja, unatema.

Mtaa ukasema yake.
Mmoja: kijicho. Mwingine: jini.
Wa tatu, pale dakani, sauti chini
lakini si chini sana:
"Swala zake zimepungua."
Mama hakusema kitu. Aliniandikia kombe,
zafarani juu ya sahani nyeupe,
akaliyeyusha kwa marashi, nikanywa.
Ulimi haukuona utamu.
Mkono wake niliuona.

Ndipo Mwanatumu, dada yangu, asiyeomba ruhusa,
akanivisha kanzu kama mtoto
tukaenda hospitali, Alhamisi,
siku ya Daktari Cherono.

Nikamwuliza: "Nimepungukiwa nini kichwani?
Nasikia kuna kitu, serotonini.
Niongezee basi, kama sukari kwenye chai."
Akacheka kidogo, bila dharau.
"Ingekuwa sukari ningekupa kijiko.
Seli hii huitupia ile ujumbe,
kemikali kidogo mno,
kisha huunyonya tena upesi,
kama mtu atoaye salamu na kuirudisha mfukoni.
Dawa huzuia ile haraka ya kurudisha.
Hayo tunayajua. Kwa nini ichukue wiki na wiki,
kwa nini imfae huyu na yule imkatae,
tunajua nusu.
Nusu ya pili nisikudanganye."

Nikamwamini kwa ile nusu aliyoikosa.

Kapsuli moja asubuhi, kijani na nyeupe.
Wiki ya kwanza, kichefuchefu, kinywa kikavu.
Ya pili, usingizi ukanihama,
na boriti zilikuwa bado ishirini na tatu.
Ya tatu nikataka kuzimwaga zote chooni.
Mwanatumu akaniuliza, akikuna nazi, bila kunitazama:
"Chokaa yako hulala shimoni siku ngapi
kabla hujaigusa?"

Nikanyamaza.
Jiwe la matumbawe huchomwa, humwagiwa maji,
huchemka pasipo moto, kisha huachwa.
Mwenye pupa akiipaka mbichi
ukuta hutoa malengelenge.
Miaka ishirini nimewafokea wanagenzi kwa hilo.

Wiki ya tano, Jumatatu,
punda wa Shee Bwanaheri alitumbukiza kwato
ndani ya karai langu la chokaa
niliyoichekecha kwa mkono, asubuhi nzima.
Nikamtukana punda.
Nikamtukana mwenye punda,
na aliyemuuzia, na njia waliyopitia.
Halafu nikasimama uchochoroni, mikono myeupe,
nikishangaa: hasira hii imetoka wapi?
Miezi minne sikuwa nayo
hata ya kumfukuzia inzi.

Nikarudi nyumbani mbio. "Mwanatumu, nimetukana!"
Akaiacha mbuzi ya nazi, akalia.

Si kila siku. Kuna asubuhi chumvi hurudi,
na Cherono ameniambia nisiache dawa ghafla,
na niendelee kuja kuzungumza,
hata siku nisiyo na la kusema. Hizo ndizo nyingi.
Kombe la mama nalo bado nanywa.
Hawajagombana tumboni.

Jana usiku nilitazama juu.
Sikuhesabu. Niliiona tu ile ya tisa,
pale ilipobanduka,
nikawaza: hapa pataka makoti mawili,
la kwanza jembamba.
Ndani ya shimo iko chokaa
iliyolala tangu kabla sijaugua.
Kesho nitaifunua niione.