Mkwe

Gari letu la chanjo tunaliita Mkwe.
Alianza Kondo Mwinshehe, dereva,
siku alipomkuta fundi wa gereji ya Keko
akilipiga teke tairi na kulitukana.
Mkwe hatukanwi, alisema. Mkwe hatazamwi usoni.
Ukiwa na shida naye, unapiga goti kidogo,
unaomba.

Lina miaka ishirini na mitatu.
Mlango wangu unafungwa kwa kamba ya katani.
Vaipa moja inafuta, ya pili inapunga mkono tu,
na sakafuni, penye tundu, naiona njia ikipita
kama anayechungulia ua wa jirani.

Masika haya imenyesha siku tisa.
Mjini wanalia kuwa Jangwani hakupitiki.
Njooni huku Msongola, ndugu zangu, muone kutopitika!
Lami inaishia mbele ya duka la simenti,
inaishia bila hata kuaga,
kisha ni mfinyanzi mweusi
ule unaowavua watu viatu na kubaki navyo.

Kondo anashuka. Anafunga habu za mbele,
kulia, kushoto, kwa vidole viwili,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.
Anapanda, anavuta gia fupi.
Chini yetu kitu kinaguna.
"Amekubali," ananiambia.

Mimi nimelipakata kasha la baridi.
Nimezaliwa Tukuyu, matope si mageni kwangu,
ila ya kwetu yanateleza, haya ya Pwani yanashika.
Nimewahi kuolewa na mwanamume wa gari jeupe la chini,
lenye harufu ya waridi,
lililokwama hata juu ya tuta la Sinza.
Simsemi kwa ubaya.
Nasema tu kwamba kuna kung'aa, na kuna kufika.

Bondeni, kabla ya Mvuti, njia imezama.
Maji yana rangi ya chai ya maziwa, hayasemi kina chake.
Kondo hazami na gari. Anakunja suruali,
anakata fimbo ya mkorosho, anaingia kwa miguu,
polepole, akipapasa chini kwa nyayo
kama kipofu anayesoma.
Magoti. Mapaja. Anasimama. Anarudi nyuma, anajaribu kushoto.
Nami ndani ya bati, miguu mikavu, nikang'amua:
misimu yote hii nilidhani naegemea chuma.
Chuma nacho kinaegemea
nyayo mbili zenye magaga.

Tulikwama hata hivyo.
Tairi la nyuma lilichimba kaburi lake likaingia.
Kondo hakusema neno. Alizima injini, akashusha koleo.
Akatokea mama mmoja toka shamba la mihogo,
Siwazuri, mwenyewe ndivyo alivyojitaja,
kanga imejaa makumbi ya nazi.
Akayapanga chini ya tairi moja moja,
bila haraka, kama anayepanga mafiga,
akaligonga bodi kwa kiganja:
"Haya, mgeni wetu. Inuka, wenzio wanakungoja."

Likainuka.
Sijui kulieleza zaidi ya hapo.

Tulifika saa nane badala ya saa tatu.
Akina mama hawajaondoka, wamejibanza barazani mwa shule,
watoto ishirini na sita, mmoja keshaanza kulia
kabla hajaiona sindano.
Nikafungua kasha, nikasoma kipimajoto:
nyuzi sita. Nikasoma tena.
Sita.

Jumapili Kondo analiosha.
Matope ya Mvuti yanaanguka vipande vipande
kama sahani za udongo.
Nyuma ya madigadi, penye uchafu wa wiki tatu,
pameota mhindi, majani mawili, kijani kibichi.
Nikanyoosha mkono niung'oe.

"Mwache," akasema, akikamua tambara.
"Huyo ni abiria.
Jumanne tunarudi. Atashukia kwao."