Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Baba tulimzika Jumanne. Jumatano tukaanza kupanga vitu:
vya kuuza huku, vya kutupa kule,
na rundo dogo katikati lisilo na jina.
Toledo, Ohio, mwezi wa pili. Theluji imelala barabarani
rangi ya maji yaliyooshea vyombo.

Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la tromboni,
hamna tromboni (aliiuza mwaka paa lilipovuja).
Mna santuri moja, jalada limeliwa kona na panya:
*Usiku Ungali Mbichi*. Lenny Barsanti na bendi ya watu kumi na saba.
Yeye mwenyewe jaladani, tai imelegea, kofia kisogoni,
anacheka kama mtu aliyelipiwa chakula na adui yake.

Nyimbo kumi na mbili, na hata siku ile hakuna uliokuwa mpya.
Zilikwisha kuimbwa na mama wa kila mtu juu ya karai la nguo,
na walevi wa kila pembe,
zimechakaa viwiko kama koti la kurithi.
Lakini Barsanti alikuwa mwana wa fundi cherehani:
alijua pa kufumua, pa kutia pindo,
pa kuliacha bega lipumue.
Neno la mapenzi alilichelewesha nusu pigo, robo pigo;
umeshanyoosha mkono kulipokea, halijafika,
kisha hilo, limekaa mapajani mwako.
Ndiko kubembea huko: miguu iko hewani, kamba haijarudi,
na roho haijui icheke au ishikilie.

Sindano ikashuka. Mikwaruzo kwanza,
kama mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili.

Upande wa pili, wimbo wa tatu, kabla ya kiitikio cha mwisho,
bendi nzima inanyamaza. Besi inatembea peke yake,
viatu vya mlinzi wa usiku.
Na hapo, mapigo mawili kabla ya wakati wake,
tromboni moja inalia
kama ndama aliyefunguliwa mlango usio wake.

Huyo ni Baba.

Mama alitusimulia mara moja tu, jikoni, kwa sauti ya chini.
New York, saa nane za usiku, mara ya kumi na tisa kuurudia wimbo,
midomo imemvimba, hajala tangu asubuhi.
Na Barsanti (imo humo, haikufutwa) akacheka
katikati ya mstari,
akalibeba neno pamoja na kicheko chake
akalitua juu ya mdundo kana kwamba limeandikwa,
na bendi ikamfuata mbio hadi mwisho.
Kondakta akataka warudie. Baba akainuka kuomba radhi,
akaangusha stendi, karatasi zikatapakaa.
"Hiyo hiyo," Barsanti akasema. "Twendeni tukale."

Watu waliinunua kwa kicheko kile.
Baba hakufukuzwa na mtu; aliacha tu kupokea simu.
Akarudi Toledo, akakata vioo vya magari miaka thelathini na moja.
Redio ikiucheza wimbo, ghafla alikumbuka
bomba la kufunga, taa ya kuzima, mbwa wa jirani.

Nilimuuliza siku moja, nina miaka kumi na minne
na ukatili wa umri ule: kosa moja tu, ndiyo uache?
Akafuta miwani muda mrefu.
"Alinisitiri, Ilona. Mbele ya dunia.
Deni la sitara halina stakabadhi. Ungelipeleka wapi?"

Géza, kaka yangu, anaigeuza santuri kwenye mwanga wa dirisha.
Nyimbo kumi na moja zinang'aa kama viatu vya harusi.
Mmoja umepauka, kijivu,
njia iliyokanyagwa na mtu mmoja
usiku kwa usiku, sisi tumelala.
Na nyuma ya jalada, kwenye orodha ya wapigaji,
jina letu lilikosewa herufi moja.
Imesahihishwa kwa penseli, taratibu, mwandiko wake.

Tunaiweka tena. Géza anauliza: rundo lipi?
Namwambia anyamaze kidogo,
besi imeanza kutembea.