Kila Pistoni na Shimo Lake

Usizichanganye, nilimwambia Draku,
hata kama macho yako yanaona mapacha.
Hii ya kwanza, hii ya pili.
Piga nukta moja kwenye kichwa cha hii, mbili kwa ile,
kisha zifunge, kila moja na kitambaa chake.
Miaka kumi na mmoja zimepanda na kushuka,
kila moja gizani mwake, ndani ya mafuta.
Ukizibadilishia nyumba leo
zitagombana na kuta mpaka kukuche.

Injini ya Mama Asianzu ililetwa kwa mkokoteni
kutoka upande wa Oli, Jumanne, imelala ubavu
kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.
Ilikuwa inakunywa oili kuliko dizeli,
inatema moshi wa buluu, wauza vitenge
wakahamisha meza zao.
Na foleni ya mabeseni ya muhogo mkavu
ikahamia kwa jirani mwenye mashine ya umeme,
siku zile ambazo Arua ina umeme.

"Mpya ni shilingi ngapi?"
Nikamtajia: pistoni mbili, slivu mbili,
na nauli ya kuzileta kutoka Kampala.
Hakushtuka. Alifungua fundo la kitenge,
akahesabu, akafunga tena.
"Na hizi zina nini?"

Swali kama hilo fundi halijibu kwa mdomo.
Nilichukua ringi mpya, nikaiingiza shimoni peke yake,
nikaisukuma kwa pistoni ikae sawa,
nikachomeka bati la kupimia kwenye pengo.
Shimo la kwanza: unene wa ukucha wa mtoto. Vyema.
Shimo la pili: ukucha wangu mimi,
na mimi nimeshika nyundo tangu utoto.
Nikaweka tochi chini, nikachungulia kwa juu.
Pembeni mwa ringi mwanga ulipenya,
mwembamba, kama ule mwezi
ambao Oli nzima huutafuta ili ifungue.

Nikawaza kuchonga.
Nikakwangua masizi kwenye kichwa cha pistoni,
namba ikajitokeza: hamsini.
Kumbe kuna mtu alishapita hapa kabla yangu,
akachonga, akavisha kubwa zaidi,
akaenda zake bila kuacha jina.
Chuma alichobakiza ni kidogo.
Sikumlaumu. Naye, bila shaka,
aliulizwa mpya ni shilingi ngapi.

Basi tukabaki na za zamani.
Draku akasafisha mifereji kwa kipande cha ringi iliyovunjika,
maana hakuna chombo kinachoujua mfereji kuliko ringi.
Mimi nikazungusha msasa shimoni kwa mafuta ya taa,
kupanda na kushuka, mistari ikakatana kama ukili wa mkeka.
"Mbona unaukwaruza ukuta uliokuwa unang'aa?"
Kwa sababu unang'aa, mwanangu.
Ukuta wa kioo haushiki mafuta.

Mama Asianzu alipokuja nilimweleza peupe:
ya kwanza naiapia.
Ya pili siiapii. Itakufikisha mavuno ya mtama,
baada ya hapo njoo na pesa, usije na maneno.
Akacheka, akajishika mguu.
"Hata mimi goti la kushoto siliapii,
na ndilo lililonileta."

Alhamisi tuliiwasha.
Ilikohoa, ikakataa, Draku akazungusha tena,
jasho likamwingia machoni,
ikashika.
Moshi mweusi, moshi mweupe, kisha hewa tu
inayotetemeka juu ya bomba.
Unga wa beseni la kwanza ulinuka oili, wakala bata.
Wa pili ukapikwa enyasa, nikaletewa donge
kabla sijanawa mikono.

Siku hizi nikitoka sokoni sipiti njia fupi.
Nasimama kidogo nyuma ya kinu, kama mtu
anayefunga kamba ya kiatu.
Ya kwanza siisikilizi.