Tembe ya Sechelela

Imeanguka Januari, usiku.
Mvua ya Mvumi ikija huja kama mdai.
Watu wakasema, hasara. Chilewa akapiga picha.
Mimi nikatafuta jembe.

Maana mchwa walishaianza zamani,
kimyakimya, ndani ya nguzo za mgunga,
chembe na mate, chembe na mate,
wakiurudisha mti kwenye udongo.
Nilikuwa nikiwasikia, mtoto, nikiwa na homa.

Paa lenyewe lilikuwa udongo wa shamba.
Shamba limekuja kudai chake:
masizi ya miaka arobaini,
samadi ya mbuzi tuliolala nao,
yote nimeyasomba kwa karai
mpaka mgongo ukakataa.

Machi, mbegu ya boga imeota yenyewe
pale palipokuwa mlango.
Mbuzi kala majani.
Alichoangusha mbuzi, dundu kakibingirisha
kinyumenyume, kichwa chini,
hajui kwamba analima.

Na nyuma ya zizi, alipolazwa bibi,
mwaka huu uwele umenipita kimo.
Nyemo kaniuliza, mbona huku tu?
Nimempakulia ugali.
Kula, nikamwambia,
ungali moto.