Kifungu cha Kumi na Moja

Miaka ishirini na miwili nimekaa chumba cha taa,
mgodi wa Jadwiga, Silesia, nyuma ya dirisha la wavu.
Mtu akishuka, namkabidhi taa,
naye huniachia kisahani cha shaba chenye namba yake.
Akipanda, tunabadilishana tena.
Kazi yangu ndiyo hiyo: kuhesabu walio hai
kwa vipande vya shaba kwenye misumari.

Usiku mmoja wa Februari visahani vitatu
vilibaki ukutani hadi alfajiri.
Ndipo nilipojua chama ni nini.
Si bendera, si ada inayokatwa tarehe tano.
Ni mtu anayeuliza kwa sauti, hawa watatu wako wapi?
na hakubali kuketi mpaka ajibiwe.

Barua ya kuufunga mgodi ilipofika
tulijazana ukumbini, makoti yakifuka mvuke,
na Alojz Kurzeja akainua mkono wake wa vidole vitatu:
tuchome matairi barabarani, kama zamani!
Nani hulikata titi lililomnyonyesha?
Makofi yakapigwa. Nami nilipiga.

Halafu nikarudi nyumbani.
Binti yangu Otylia ameketi kitandani, mabega juu,
anavuta hewa kama avutaye ndoo ya kisima kirefu.
Nje moshi umelalia mapaa, hauna safari.
Nikampa kipulizio cha pumu,
kimenunuliwa kwa mshahara wa makaa.
Dawa na ugonjwa vimetoka mfuko mmoja,
na mfuko huo ni wangu.

Sikulisema hilo mpaka mkutano wa tatu.
Mgodi utafungwa, nilisema. Mwamba wa kusini umekonda,
Alojz mwenyewe anajua.
Tugombanie ufunguo, tuliache kufuli.
Mtu akanizomea: umenunuliwa!
Kiti kikaanguka. Hakuna aliyekiinua.

Miezi kumi na saba ya meza ndefu na kahawa iliyopoa.
Wenye tai walitamka maendeleo endelevu
kama mtu anayetia sukari chai ya mwenziwe bila kumuuliza.
Endelevu kwa nani? tukawauliza.
Hewa itakate, na aliyeivuta chafu miaka thelathini
atolewe nje asiionje?

Saa nane za usiku tuliandika kwa mkono
kifungu cha kumi na moja:
*Lango hili lisifungwe kwa mtu
kabla lango jingine halijamfungukia.*
Na chini yake wazo la Ewald Gajda, fundi wa pampu,
ambaye kwa mwaka husema maneno kumi:
maji ya mgodini yana joto.
Tangu enzi za babu tumeyasukuma mtoni kama adui.
Yapandisheni majumbani. Pampu tutaendesha sisi.

Hatukupata yote.
Vibarua arobaini wa kampuni ya pembeni
kifungu kiliwapita kama treni isiyosimama kituo chao.
Visahani vyao pia nilivitundika mimi.
Nazijua namba zao. Nikikosa usingizi, nazisoma.

Kizimba cha lifti kilipanda mara ya mwisho mwezi wa Mei.
Nikapokea taa, nikarudisha shaba,
ukuta ukabaki misumari mitupu,
na kwa mara ya kwanza utupu ule haukunitisha.

Alojz anakaa ghorofa ya chini yangu.
Tukikutana ngazini, husalimia njiwa wake, si mimi.
Desemba, theluji ikigonga vioo,
nilimpelekea karatasi ya chama atie sahihi.
Alifungua mlango, akarudi kusimama dirishani,
vidole vitatu juu ya bomba la joto.

Vuguvugu tu, alisema.

Mkono hakuuondoa.