Sura ya Kumi na Tisa

Dorkasi, shoga yangu, huua watu asubuhi,
baada ya sala yake, kabla ya chai.
Huwaua daftarini, kwa wino wa buluu;
wino mwekundu ni wa makosa.
Miaka thelathini kagawa dawa Mnazi Mmoja,
anajua tone la ngapi huponya
na la ngapi huita sanda.

Mie nyumba ya pili, hapa hapa Mbweni.
Ua wa michongoma baina yetu una tundu la paka,
na humo ndimo sura zinamopita,
moja kila Ijumaa, nikishapakua,
zimefungwa kwa kanga kuukuu, zanukia hiliki.

Swala tano sijaacha. Kanisani nimeingia mara mbili:
harusi yake, na maziko ya mamaake.
Lakini Kasisi Nataniel wa vitabuni
namjua kwa kikohozi.
Namjua anavyovua miwani akishamshuku mtu,
anavyofungua Zaburi jambo likiwa limeiva,
na mie roho juu, namwambia: baba, Zaburi baadaye,
mtu yuko nyuma ya pazia!
Mchuzi wangu umeungua kwa ajili yake si mara moja.

Sadaka ilipoibwa nilisema: mpiga kengele.
Alikuwa mpiga kengele.
Sumu ya kwenye mandazi, nikasema: mke wa shemasi.
Ndiye.
"Wewe Zuwena," kanambia, "una jicho la mwizi."
Nikacheka. Tukacheka sote.

Watu wanaomjia kutiwa saini humuuliza
mbona kila kitabu kina mtu aliyepotea,
na kila sura ya mwisho anaonekana:
mmoja Tumbatu, hana kumbukumbu,
mmoja juu ya mnara wa kanisa, anaishi kwa mkate wa panya,
mmoja kafa, lakini kaburi lajulikana
na msalaba una jina.
Hujibu: "Mchungaji aliwaacha tisini na tisa
akamfuata mmoja. Mie nimeandika kumi na moja tu."

Hawajui habari ya Ezekia.
Kakaake, karani wa mizani, msimu wa karafuu
alipanda meli ya Pemba na begi la ngozi.
Barua moja ikaja kutoka Wete:
mvua, karafuu hazikauki.
Basi.
Viatu vyake vya Jumapili vingali chini ya kitanda.
Kila Pasaka Dorkasi huvipiga rangi.

Kitabu hiki kipya kimeanza kupita mwezi wa Rajabu.
Sura ya tatu, pana jirani.
Sura ya tano, jirani ana mkebe wa biskuti.
Sura ya tisa nimeisoma nimesimama.

Mkebe uko juu ya kabati langu.
Mna uzi, mna vifungo,
na chini ya vifungo mna bahasha
ya mtu aliyeandika: nakuja Jumatano, nisubiri,
nitabadili jina, nitabadili yote
ila wewe.
Na mie, kwa furaha au kwa woga, mpaka leo sijui,
nikamtajia kaka yangu siku ya meli.
Jumatano hiyo kaka alirudi usiku, kalowa,
akaomba maji ya kunywa. Sikuuliza.
Miaka arubaini sijauliza.

Nani kamwambia Dorkasi rangi ya mkebe?

Sura ya kumi na nane ilipita Ijumaa iliyopita.
Kasisi Nataniel kavua miwani,
kakaa barazani kwa jirani.
Zaburi hakufungua. Anangoja.

Ijumaa hii kanga haikuja.
Nikazunguka mlango wa mbele, kama mgeni.
Alikuwa akiosha mchele, hakuinua uso.
"Sura ya kumi na tisa?" Sauti haikuwa yangu.
"Unayo wewe," kasema.
Akamwaga maji, akatia mengine.
"Kaa kitako, Zuwena. Mchele huu wa watu wawili."