Saizi ya Damu

Tangu wanipandikize vali ya chuma
kifua changu kinagonga usiku kama cherehani.
Mume wangu ameshazoea.
"Leo unashona nini?" huniuliza gizani.

Kliniki ya Jumanne tulikaa benchi moja,
mimi na Selestini, mchomeleaji wa Keko,
mikono yake ina madoa ya cheche hadi kwenye viwiko.
Tulipewa kidonge kimoja, rangi moja, miligramu tano,
kumezwa saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza.
Dozi ya kawaida, alisema nesi,
akaashiria jedwali lililobandikwa ukutani.

Wiki ya tatu nilikuwa nakata sare za harusi,
nikatema mate, yakawa mekundu.
Paja likachora ramani ya zambarau
kwa kugusa tu kona ya meza.
Kidole nilichojichoma na sindano asubuhi
adhuhuri kilikuwa bado kinalia.

Wakaniuliza: umechanganya na mitishamba?
Umemeza aspirini? Umesahau ukameza mara mbili?
Nikaapa. Wakanitazama
kama ninavyomtazama mteja
anayedai alishatoa advansi.

Selestini yeye, kidonge kilekile,
ni kama alimeza pipi. Damu yake ilibaki uji wa ulezi.
Naye wakamuuliza: unakula sana mchicha?
Akanigeukia: "Mchicha! Mimi, mtu wa utumbo na ndizi!"

Ndipo akaja Dokta Nyamizi, kijana, na raba zake nyeupe,
akanisugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba.
Alisema ini langu limerithi mkono mzito,
dawa ya leo linaivunja keshokutwa,
ya kesho inaikuta ya jana bado imeketi.
Nikamuuliza, lile jedwali la ukutani
alipimwa nani?
Akafunga kichupa kwanza.
"Watu wa mbali, mama. Wengi wao."

Nilicheka hadi vali ikaruka mshono.
Miaka ishirini na sita futi iko shingoni mwangu,
hapa Magomeni hakuna asiyejua
kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako,
kumbe mimi nilikuwa nameza kiuno cha mtu
nisiyemjua hata jina.

Majibu yalichukua wiki sita.
Wakanikatia: nusu kidonge, na Jumapili robo.
Fizi zikanyamaza.
Kadi yangu naiweka kwenye kopo la vifungo,
imeandikwa herufi na namba nisizoweza kusoma
ila najua ni zangu, na nusu yake
ni ya binti yangu Mwanahawa,
ambaye bado hajaugua kitu, na asiugue.

Selestini alikuwa orodha ya pili.
Kijiti chake kilisubiri vitendanishi,
vitendanishi vilisubiri kutolewa bandarini,
karatasi moja ilikosa mhuri.
Alfajiri ya Ijumaa bonge la damu likapanda kichwani,
mdomo ukavutwa kushoto,
mkono wa kulia, ule wa kushika moto, ukalala.

Majibu yake yalifika siku kumi baadaye.
Mkewe ameibandika bahasha kando ya kalenda:
alihitaji kidonge kimoja na nusu. Labda viwili.
Nusu ile niliyokuwa nikiiacha mimi kila usiku.
Sijui hesabu hii nimpelekee nani.

Nimemshonea shati. Vifungo nimeviondoa,
nimeweka zipu anayoweza kuivuta kwa mkono mmoja,
nimekadiria kwa macho, nikiogopa kumgusa.
Mashine yake ya kuchomelea imefunikwa gunia uani.
Alilitazama shati, akatikisa kichwa.
Kisha kwa ule mkono mzima
akaivuta futi shingoni mwangu,
akaizungusha kifuani pake, polepole,
akabana ncha kwa kidevu,
akaninyooshea namba niisome.